Taa ya upepo haizimiki tangu niweke tairi kubwa

Kila mvua ndefu zinapokaribia, watu wa Nakuru na Molo hukimbilia tairi za matope. Wiki mbili baadaye simu yangu hujaa picha za dashibodi zenye alama ileile ya kuonya kuhusu upepo wa tairi: kitu cha manjano kama sufuria iliyopasuliwa katikati, na alama ya mshangao ndani yake. Maswali ya mwezi huu nimeyakusanya hapa.

Fundi, nilitoa tairi za 265/65R17 nikaweka kubwa zaidi, 285/70R17, na rimu mpya. Nikiwasha gari, taa inakonyeza kama dakika moja halafu inabaki imewaka. Upepo nimepima mara tatu, uko sawa. (Njoro)

Mzee, rimu zako za zamani ziko wapi? Kama ulimwachia muuza tairi akupunguzie bei, ulimpa na sensa zako nne.

Taa hii ina lugha mbili. Ikiwaka moja kwa moja bila kukonyeza, kuna tairi limepungua upepo. Ikikonyeza kwa dakika moja au moja na nusu kisha ikatulia, upepo sio shida: gari linaita sensa na haziitikii. Sensa ni kadude kadogo kuliko kiberiti, kamefungwa kwenye mzizi wa vali ndani ya rimu, kana betri yake na namba yake, na hupeleka habari kwa redio. Rimu mpya hazina kitu hicho.

Ukienda kununua nyingine, uliza kwanza gari lilitengenezwa kwa soko gani. La Japani au Marekani kwa kawaida husikia megahezi 315, la Uingereza 433. Ukichanganya, hazitasikilizana hata ufanyeje. Zikishafungwa, namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine. Kwenye Toyota nyingi watu hubonyeza kitufe cha SET mpaka kidole kiume, wakidhani kinasajili sensa mpya. Hakisajili. Kinaliambia gari tu, "upepo uliopo sasa ndio kipimo."

Mimi sensa zangu zilihamishwa kwenye rimu mpya, lakini moja imekufa. Fundi aliyezihamisha anasema ilikuwa imekufa zamani. (Kakamega)

Huenda anasema kweli: betri hudumu kati ya miaka 5 na 10, na imezibwa kabisa ndani, huwezi kuibadilisha peke yake. Lakini nami niseme ukweli wangu. Sensa ya kwanza niliyovunja, niliivunja mwenyewe. Niliweka mkono wa mashine ya kubandua tairi karibu na vali, nikasikia "tak", nikajifanya sikusikia. Mwenye gari alipoondoka taa ilikuwa imewaka, na tairi lile ukilitikisa lilialika kama punje za mahindi ndani ya debe. Nililipa.

Kwa hiyo dada, mwambie alitikise tairi mbele yako kabla hamjabishana. Siku nyingine, vali ielekezwe mbali na mahali tairi linapobanduliwa. Na vile vifuniko vya chuma vinavyong'aa, achana navyo. Hushikana na vali ya alumini kwa kutu, na siku ya kuvifungua vali yote hukatika. Weka vya plastiki.

Mlangoni mwa gari pameandikwa psi 29, kipimo cha upepo. Tairi mpya pembeni limeandikwa 80. Nijaze ngapi? (Kitale)

Si 80, tafadhali! Hiyo ni dari, ya tairi lililobeba mzigo wake wote. Nayo 29 iliandikiwa tairi lililotoka kiwandani na gari. Tairi nzito za LT, yaani za magari ya mizigo midogo, huhitaji upepo zaidi kidogo kubeba uzito uleule, na waliolitengeneza wana jedwali lake. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Ukishapata kiwango, kihakiki kwa chaki: chora mstari mpana kukata uso wa tairi, endesha mita mia moja kwenye lami iliyonyooka, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, umejaza sana. Ikifutika pembeni tu, ongeza. Usishuke chini ya namba ya mlangoni. Ukiridhika, na tairi zikiwa baridi, hapo ndipo SET ina kazi.

Nilijaza 35 alfajiri Nakuru. Kisumu mchana geji ikasoma 40, nikashauriwa nipunguze hadi 32 kwa sababu ya joto. Kesho yake asubuhi taa ikawaka. (Kisumu)

Aliyekushauri alikuibia upepo. Joto la barabara na jua la Kisumu ndilo lililopandisha geji. Kila nyuzi 5 au 6 za joto ni kama psi moja. Ile 32 ya tairi moto, usiku ulipopoa, ikawa kama 27. Kushuka kutoka mita 1,850 za Nakuru hadi 1,130 za Kisumu hupunguza geji kwa psi moja tu, usiipe lawama. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na tairi moto usilipunguze.

Spidi yangu inadanganya? (Njoro tena)

Ndiyo. Tairi lako jipya limezidi la zamani kwa kimo karibu asilimia 7. Dashibodi ikisema 80, unakwenda karibu 86. Kamera haitakuuliza tairi.

Rafiki yangu ameziba sensa zote nne ndani ya bomba la plastiki, akalijaza upepo, analibeba kwenye buti. Taa imezima. Nifanye hivyo? (Eldoret)

Ni werevu, nakubali, na bomba lake halitapata pancha kamwe. Tairi zake ndizo zitakazopata, na gari litakaa kimya. Kama hutaki gharama ya sensa, acha taa iwake na ununue geji nzuri. Usiku wa mvua pale mteremko wa Nandi, afadhali ujue kwamba hakuna anayekuangalizia.

Spea yangu bado ni ile ndogo. (Molo)

Basi ni ya kukufikisha kwa mtu wa pancha tu, polepole, na fowili (gari kuvutwa na magurudumu yote manne) usiifunge ukiwa kwenye lami.