Usikubali utafiti wako uitwe umbea

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Pendekezo lake la utafiti kuhusu lugha ya wanafunzi kwenye makundi ya WhatsApp limerudishwa, eti mada "haina uzito wa kitaaluma". Niliposoma maneno hayo moyo uliniuma. Mimi niliambiwa vivyo hivyo mbele ya semina nzima. Mwanazuoni niliyemheshimu sana alifunga karatasi zangu akasema, "Huu si utafiti, ni umbea wa kwenye simu." Watu wakacheka. Leo tasnifu nimeshaitetea, na mwezi huu nimewasilisha matokeo yake kwenye kongamano ambako waliosikiliza waliniuliza maswali mpaka muda ukaisha. Hata hivyo, kicheko kile hakijanitoka.

Nilichotaka kujua ni hiki: masomo yanapohamia kwenye simu, wanafunzi hufundishana kwa lugha gani? Darasa nililolichunguza lilikuwa na makundi mawili. Katika la kwanza mhadhiri alikuwemo, na humo watu waliandika Kiingereza cha kujihami, sentensi fupi, maswali ya kuhesabika. La pili lilikuwa la wanafunzi peke yao, na huko ndiko somo lilikofundishwa hasa. Mtu asiyefungua mdomo darasani alikuwa akituma ujumbe wa sauti usiku, anafafanua usampulishaji, yaani namna ya kuteua watu wa kuchunguzwa, kwa Kiswahili, istilahi tu ndizo zikibaki za Kiingereza. Wenzake walimjibu, wakambishia, wakaelewa. Ualimu wa namna hiyo haumo kwenye ratiba yoyote, nami nilikuwa nao mkononi, umerekodiwa. Kazi ya kuzinukuu sauti zile sitaisimulia. Ilichosha, ikaisha.

Sasa wewe uliyeniandikia, na wengine mlio njia moja naye: baneni swali. Kichwa ulichonitumia kinasema "Athari za mitandao ya kijamii kwa lugha, elimu na jamii". Hiyo ni kazi ya taasisi nzima, na jopo likikuona umebeba mzigo huo litakurudisha hata kama wazo ni zuri. Mwaka 1962 mwanaisimu Mmarekani William Labov, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York yenye wateja wa hadhi tofauti. Aliuliza bidhaa ambazo alijua ziko ghorofa ya nne, ili ajibiwe "fourth floor", kisha akajifanya hajasikia ili jibu lirudiwe. Alichosikiliza ni kitu kimoja tu: kama sauti r katika maneno hayo inatamkwa au inaachwa. Kwa watu 264 alionyesha kwamba matamshi ya wauzaji yalifuata hadhi ya duka. Sauti moja, na isimujamii, taaluma ya lugha katika jamii, ikapata mojawapo ya misingi yake! Wewe pia chagua kitu kimoja: nani anabadili lugha, na anaibadili wakati ujumbe wake unasomwa na nani.

La pili ni ridhaa, na hapa sina mzaha. Wauzaji wale hawakujua kwamba wanachunguzwa, lakini kamati za maadili za leo hazitakupitishia hivyo kirahisi, na ni haki. Kuwa mwanakikundi hakukupi ruhusa ya kutumia maneno ya wenzako. Omba kila mtu. Anayekataa, ujumbe wake utoe, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Unapohamisha mazungumzo kutoka kwenye simu, majina na namba huja nayo, kwa hiyo vifute kabla faili halijafika kwa msimamizi. Na ukinukuu maandishi yaliyowekwa hadharani kwenye mtandao, kumbuka kwamba sentensi nzima ikitafutwa mwandishi wake hupatikana, hata ukimwita Mshiriki A. Watu walikuamini, ndugu yangu. Shahada isiyowalinda ina faida gani?

Tena nasema, bana swali. Usiende kubishana na jopo kuhusu umuhimu wa zama za kidijitali, maana wamezisikia hotuba hizo mpaka wamechoka. Omba ridhaa ya watu wachache, nukuu mazungumzo yao ya jioni moja, yachambue mstari kwa mstari, kisha yaweke kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Waache wasome wanafunzi wakifundishana, ndipo wakuulize uzito uko wapi.