Gitaa dogo na nyuzi nene: kwa nini daraja linanyanyuka

SWALI: Salaam fundi. Nimenunua gitaa dogo la mtumba, aina ya parlor, nipigie omutibo, ule mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, nyumbani. Niliona sauti ni ndogo, nikaweka nyuzi nene za 13–56 (unene wa uzi wa kwanza na wa sita, kwa elfu za inchi). Sasa nyuzi zimeinuka, vidole vinauma, na ubao nyuma ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya boksi, umevimba. Nirudi kwa gitaa kubwa? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Usirudi, ndugu. Kwanza legeza nyuzi zote leo hii, kabla hujalala. Seti hiyo huvuta kilo 80 na zaidi, na ubao wa gitaa dogo mara nyingi ni mwembamba, wenye mbavu nyepesi ndani. Weka 11–52, ambazo huvuta kilo 65 hadi 70.

Kabla ya kuzifunga, chukua kipande cha karatasi ukisukume chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia, gundi imeachia. Tafadhali usimimine supaglu humo: hukauka juu ya gundi kuukuu, kisha daraja hung'oka tena pamoja na nyuzinyuzi za mbao. Daraja libanduliwe kwa joto, pande zote mbili zisafishwe hadi mbao tupu, lipakwe gundi ya mbao na kubanwa kwa saa 24.

Karatasi isipoingia, funga nyuzi mpya, tyuni, uache gitaa litulie siku mbili tatu. Halafu pima juu ya fureti ya 12 (fureti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo): milimita 2.5 chini ya uzi wa sita, ule mnene, na 2 chini ya uzi wa kwanza, ule mwembamba, zinatosha. Zikizidi, hakikisha kwanza shingo haijapinda, ndipo usugue chini ya kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi darajani. Ili nyuzi zishuke milimita 1 pale fureti ya 12, unaondoa milimita 2 kwenye kijiti. Sugua kidogo kidogo kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Ukipitiliza, nyuzi zitakoroma, na dawa ni kijiti kipya.

Sasa hiyo sauti uliyoiona ndogo. Boksi la parlor lina upana wa sentimita 33 hivi, la dreadnought, lile gitaa kubwa la kawaida, karibu 40. Hewa ni chache, kwa hiyo besi haingurumi. Lakini ubao mdogo huitika upesi: gusa uzi kidogo tu, sauti imeshatoka. Kwa omutibo, ule wa akina George Mukabi, hii ni faida kubwa mno. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinachuma wimbo, na besi ya gitaa kubwa huufunika wimbo huo kwa urahisi. Kwenye parlor kila noti inasimama peke yake. Mengi pia yana shingo inayokutana na boksi kwenye fureti ya 12 badala ya 14, hivyo daraja hukaa karibu na katikati ya ubao na sauti huwa ya mviringo zaidi.

Ukilicharaza kwa nguvu na piki, sauti hubanana na haiongezeki tena. Hapo ndipo wengi hukimbilia nyuzi nene. Punguza mkono. Chuma nyuzi kwa nyama ya kidole karibu na tundu ukitaka besi, sogea kuelekea darajani ukitaka wimbo ukate.

Na msimu wa mvua ubao hunywa unyevu na nyuzi huinuka tena kidogo. Pima upya kiangazi kabla ya kusugua mara ya pili.