Mashine ya kuondoa chumvi: anza na umeme

Ndugu, umeuliza uchukue mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ya volti 12 au ya jenereta kwa mashua yako ya matanga. Usianze na lita za maji inazotoa, anza na umeme. Kama unategemea sola na betri, chukua ile ambayo pampu yake hutumia tena nguvu ya shinikizo la maji ya chumvi yanayotoka kusukuma yanayoingia. Hutoa lita chache kwa saa lakini haimalizi betri. Jenereta unayo tayari? Pampu ya kawaida ya shinikizo kubwa inatosha, na vipuri vyake ni rahisi kupata.

Kinachoua utando wa kuchujia chumvi ndani ya mashine ni mafuta na klorini. Usiwashe mashine kamwe bandarini penye mafuta yanayoelea juu ya maji, na maji ya tangi ya kuisuuzia yapite kwanza kwenye kichujio cha kaboni ili kiondoe klorini.