Nianze na Chakula Gani Oaxaca?

Swali: Mhariri, mwezi ujao nitakuwa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, ambako nasikia mikahawa huandaa mchuzi mweusi na hata panzi. Nianze na nini?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na tlayuda, chapati pana ya mahindi iliyokaushwa juu ya moto, ikapakwa maharage yaliyopondwa na kutandazwa jibini ya nyuzinyuzi ya huko. Kisha agiza mole negro, mchuzi ambao weusi wake hutokana na pilipili kavu zilizochomwa hadi kukaribia kuungua, zikasagwa pamoja na ufuta, karanga, viungo vingi na chokoleti kidogo; usitarajie utamu wa peremende, kwa kuwa chokoleti hiyo huwekwa kuupoza ukali na kuupa mchuzi uzito. Kwa maoni yangu, hicho ndicho chakula kinachostahili kuliwa polepole kuliko vyote. Panzi, waitwao chapulines, hukaangwa kwa kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Mwenye mzio wa kamba wa baharini awaepuke, kwa sababu baadhi ya protini zao zinafanana. Tafadhali onja salsa, yaani mchuzi wa pilipili wa mezani, kidogo kabla ya kuimwagia chakula chote.