Umbo la kijamii si muundo: kwa mnaoandika sura ya nadharia

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma rasimu nne za mapendekezo ya utafiti. Zote zina "umbo la kijamii", yaani sura ambayo uhusiano wa watu huchukua, kwenye kichwa cha mada. Katika zote nne, ukifuta "umbo" ukaandika "muundo", yaani jinsi sehemu za jamii zilivyopangwa, hakuna sentensi hata moja inayotetereka. Nawapenda, lakini hapo uvumilivu wangu unaisha, maana njia hiyo niliipita na najua inakoishia.

1. Sema umbo la nani. Marx, katika Das Kapital ya 1867, aliwalaumu wachumi waliomtangulia kwamba walichambua thamani na kiasi chake bila kuuliza kwa nini kazi ya watu ichukue umbo la thamani, yaani ijitokeze kama thamani ya bidhaa. Pashukanis, mwanasheria Mmarx wa Kisovieti, alilipeleka swali hilohilo kwenye sheria mwaka 1924: kwa nini utawala wa tabaka uvae vazi la sheria isiyo ya mtu yeyote, badala ya kubaki mabavu ya wazi? Kwa hawa wawili umbo lina historia. Lilianza, na linaweza kwisha. Simmel, mwanasosholojia wa Kijerumani, mwaka 1908 anazungumzia kitu kingine. Kwake ushindani, utii na ugomvi ni maumbo yanayojirudia katika dini, biashara na familia, ingawa haja zinazowasukuma watu zinatofautiana. Ukiwabana Marx na Simmel kwenye mabano mamoja, msimamizi atajua hukumsoma hata mmoja.

2. Fani na maudhui mlizosoma kwenye fasihi zitawasaidia, ila msizichukue kama chombo na kilichomo. Hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Nilikuwa natafiti vikao vya usuluhishi. Miezi saba nilikaa na kinasa sauti, nikiamini data ni maneno ya watu. Nilinukuu kila malalamiko, kila ombi la radhi. Nani aliingia wa kwanza, nani aliketi katikati, nani alinyamaza hadi wengine wakamgeukia, sikuandika. Niliyaona kama ganda. Nilipokaa kuandika, nikarudi kwa Simmel anapoeleza watu wawili na watu watatu: uhusiano wa wawili hufa mmoja akiondoka, lakini akiingia wa tatu anaweza kupatanisha, anaweza kunufaika na ugomvi wao, anaweza hata kuuchochea ili atawale. Niliusoma ukurasa ule nikahisi baridi. Swali langu lote lilikuwa kwa huyo wa tatu, na kwenye daftari zangu hakuwepo. Maneno yake nilikuwa nayo. Nafasi yake sikuwa nayo. Nilijaribu kuikisia kutokana na sauti, nani yuko karibu na kinasa na nani yuko mbali, nikaona nakaribia kutunga. Washiriki walikuwa wametawanyika. Sura mbili nilizitupa, na moja ilikuwa ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mtahini aliniuliza swali moja tu: "Umbo liko wapi katika data yako?" Nikanyamaza. Bado nalisikia swali lile kila ninapofungua rasimu zenu.

3. Chora ramani ya viti kila kikao, hata kama mkono umechoka.

4. Mnaotoka fasihi, msijione wageni. Lukács, mwanafalsafa na mhakiki wa Hungaria, akiwa kijana alishikilia kwamba kilicho cha kijamii hasa katika fasihi ni umbo lenyewe, na Caroline Levine, mhakiki wa fasihi wa Marekani, mwaka 2015 aliweka mdundo, ngazi za mamlaka na mtandao kwenye meza moja na umbo la kazi ya sanaa. Tahadhari moja: neno likishapanuka hivyo, lazima useme ni kitu gani *hakina* umbo unalolitafuta. Mmoja wenu alinijibu, "Kila kitu kina umbo, mwalimu." Basi tulikaa saa nzima, tukaifuta aya yake mstari kwa mstari, mpaka likabaki swali moja lililo lake kweli: kwa nini deni kati ya ndugu huitwa msaada hadi siku linapodaiwa. Hiyo ndiyo rasimu ya tano, na ninaisubiri Ijumaa.