Ninaachwa Nyuma Kila Jumamosi: Je, Nijitoe?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 37, na ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Mwezi Septemba nilijiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu, kisha nikajiandikisha kukimbia kilomita 21 katika Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari. Hadi leo sijavuka kilomita 6 bila kutembea. Dakika kumi za mwanzo pumzi hunikatika, na hapo husikia sauti ndani yangu ikisema kwamba mbio zina wenyewe. Wenzangu huniacha, kisha hunisubiri kwenye kona, jambo linalonitia aibu kuliko kule kuachwa. Je, nijitoe mapema?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya suala la kujitoa, tuitazame kwanza hiyo sauti, kwa kuwa umeitaja mara tu baada ya zile dakika kumi, na sidhani kwamba ni kwa bahati. Unapoanza kukimbia, misuli hudai oksijeni nyingi papo hapo, ilhali moyo na mapafu huhitaji dakika kadhaa kuweza kuifikisha; katika pengo hilo pumzi hukatika, miguu huwa mizito, na akili, isiyojua habari za oksijeni, huichukua hali hiyo kuwa ushahidi kwamba huwezi. Hata wakimbiaji wazoefu hupita hapo. Wao hutembea kwanza kwa dakika tano, wakaanza pole, na hawajihukumu kabla jasho halijatoka.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba unakimbia kwa kasi ya wenzako. (Nami nilifanya kosa hilo mwaka mzima, tena nikiwa kijana asiye na watoto wa kuwaandaa kwenda shule.) Kasi inayokufaa kwa sasa ni ile inayokuwezesha kutamka sentensi nzima bila kuhema, ukibaki na neno mojamoja, umeshapita kiasi. Jaribu pia kukimbia dakika nne na kutembea moja, ukianza hivyo tangu mwanzo, kabla hujachoka, ili kutembea kuwe ni mpango wako na si adhabu. Utaratibu huu umeenezwa sana na Mmarekani Jeff Galloway, ambaye mwaka 1972 alikimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba ni wa wavivu.

Umbali uongeze kidogo kidogo, kilomita moja kwa wiki katika ile mbio yako ndefu, na kila wiki ya nne upunguze. Moyo hupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi, ndiyo maana wengi huumia wakati uleule wanapoanza kujiamini. Uchovu wa misuli ya miguu yote miwili, unaoisha baada ya siku mbili au tatu, ni wa kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kupaonyesha kwa kidole, tena yanayozidi ukikimbia, usiyaite woga: pumzika, na yakiendelea umwone daktari. Kumbuka pia kwamba Moshi si tambarare kama Tabata, na barabara ya kuelekea Mweka ni ya kupanda. Mara moja moja nenda vilima vya Pugu uzoeshe mapaja.

Kuhusu aibu, John Stephen Akhwari wetu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hiyo kila mtu anaijua. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyohuyo alishika nafasi ya tano katika marathoni.

Kwa hiyo usijitoe sasa, wakati huna kipimo kingine ila hizo kilomita 6 za kukimbizwa. Amua katikati ya Januari: ukiwa unamaliza kilomita 14 kwa kukimbia na kutembea, na kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta, nenda Moshi. Ukiwa hujafika hapo, kuna mbio za kilomita 5 siku hiyohiyo, na 21 zitakungoja mwaka unaofuata. Na hao wenzako waambie wazi kwamba wasikusubiri tena kwenye kona. Wakuagizie chai, utawakuta hapo.