Nyumba ya Kibosho na zile siku 183

Mdogo wangu, uliniuliza kwenye kundi la familia, shangazi na wote wakisoma: "Dada, nikishapanda ndege Septemba, mimi na TRA si tumemalizana? Kodi nitalipa hukohuko Leeds." Sikukujibu kwa sababu nilikuwa kwenye basi naenda zamu ya usiku. Leo niko mapumziko.

Hamjamalizana.

Hizo siku 183, kwamba ukikaa nchini siku hizo au zaidi kwa mwaka wewe ni mkazi wao wa kodi, kila mtu anazitaja kana kwamba ndizo sheria nzima. Tuanze nazo. Tanzania inahesabu mwaka wa kalenda. Ukiondoka tarehe 1 Septemba, utakuwa umeshakaa nyumbani siku 243 tangu Januari, kwa hiyo mwaka huo wewe ni mkazi wa Tanzania kwa upande wa kodi, upende usipende. Uingereza nao wana mwaka wao, unaanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. (Tarehe hiyo ya ajabu ni mabaki ya mwaka 1752, walipobadilisha kalenda wakaruka siku 11.) Wao wanahesabu usiku wa manane: saa sita ya usiku ikikukuta nchini kwao, siku hiyo ni yao. Kuanzia 1 Septemba hadi 5 Aprili ni siku 217. Toa wiki tatu za Krismasi Moshi, zinabaki 196. Kwa hiyo huku nako ni mkazi. Wana utaratibu wa kuugawa mwaka ili kile kipande cha kabla hujafika kisiguswe, lakini una masharti yake.

Umeona? Mtu mmoja, nchi mbili, na hakuna aliyekosea hesabu.

Mwaka unaofuata utasema sasa nimehama kweli, nyumbani nimekaa siku 20 tu. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inatazama pia miaka miwili ya nyuma. Ukija mwaka huo, na wastani wa siku zako kwa miaka yote mitatu ukazidi 122 kwa mwaka, bado u mkazi. Chukua 365, 243 (bila zile za Krismasi) na 20, gawa kwa tatu. Inakaribia 209. Mwaka wa pili baada ya kuondoka ndipo wastani unashuka hadi 94 hivi na kamba hiyo inakatika.

Sasa njoo kwenye lililonifanya nikuandikie kirefu. Wewe umeezeka nyumba kihambani Kibosho. Funguo unazo, kitanda kipo, hakuna mpangaji. Sheria hiyohiyo inasema mwenye makazi ya kudumu Tanzania, akiwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, ni mkazi wa mwaka huo. Haikutaja siku 183 wala 122. Sehemu yoyote. Na sisi tunajijua: Mchagga gani amejenga halafu Desemba asionekane? Unashuka uwanja wa ndege wa KIA, unakula ndafu, unarudi. Umeshakuwa mkazi.

Mkazi anatozwa kwa mapato ya popote duniani, na mshahara wa Leeds umo. Usishtuke. Kodi ya mapato utakayokatwa huku unaruhusiwa kuitoa kwenye ile ambayo Tanzania ingekudai, mradi una karatasi za kuthibitisha. Kwa wenye makazi pande mbili, mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili ndio huamua wewe ni wa nani. Tanzania inayo na Sweden, Norway, Denmark, Kanada, India na wengine kadhaa. Na Uingereza haina. Binamu yetu wa Stockholm akikwambia "mimi wala sihangaiki", yeye ana mkataba.

Wengi hapa wataniona mnoko. Simjui hata mmoja ambaye TRA Moshi walimwita kumuuliza mshahara wake wa Uingereza. Sawa. Mimi nakwambia sheria ilivyo.

Kilichoniuma mimi kilitoka upande wa Uingereza, nao wanatoza mapato ya nje: vile vyumba vyangu vya kupangisha vya Majengo, Moshi. Pango likawa linamlipia mama matibabu, halivuki hata Dar, nikajiambia Uingereza linawahusu nini? Kulikuwa na kanuni ya zamani iliyowapa wageni nafuu kama pesa za nje hawakuziingiza huku, na mtu mmoja harusini aliniapia kwamba ni ya wote, bila kikomo na bila kujaza chochote. Haikuwa hivyo. Miaka mitatu nililipa nyuma, na riba, na faini juu. Kosa ni langu, nilichukua ushauri wa kodi mezani penye bia.

Kanuni hiyo yenyewe ilifutwa 6 Aprili 2025. Siku hizi mgeni ambaye hakuwa mkazi huku kwa miaka kumi anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya nje, miaka minne ya mwanzo. Watakuambia uombe. Piga hesabu kwanza: ukiomba unapoteza ile paundi 12,570 ya mshahara isiyotozwa kodi. Kwa pango la kile chumba chako kimoja cha Pasua, utakuwa umeuza ng'ombe kununua kamba. Litangaze tu, na kodi uliyolipia TRA iondolewe.

Mimi ni muuguzi, si mhasibu. Kwa hiyo kabla ya Agosti nenda TRA Moshi ukiwa na namba yako ya mlipakodi (TIN), uwaambie unaondoka lini na pango linapokelewa na nani. Wakuandikie, maneno ya dirishani hayatoshi. Tiketi na mihuri ya pasipoti usitupe. Mimi nimebandika kalenda jikoni, kila usiku niliolala nje ya Uingereza naupiga alama. Mama alipokuja aliiona, akaniuliza kama ndiyo siku zangu za kliniki.